Wageni waliingia hadi chumba cha kulala: tufungue tena karakana zetu?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mfinyanzi, na mume wangu anachora kwa rangi za mafuta. Tunaishi kijijini na kazi tunazifanyia hapo hapo nyumbani. Yeye ana chumba cha mbele, mita nne kwa tano. Mimi nina banda uani lenye gurudumu, rafu za vyungu na tanuri la umeme. Wasanii kijijini tuko sita: sisi wawili, wachongaji wawili, mfumaji, na dada mmoja anayetengeneza batiki. Msimu uliopita tulikubaliana tufungue milango kwa wageni Jumamosi na Jumapili, saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Tulichora ramani, tukatangaza, tukafagia uwanja.

Watu walikuja kweli. Jumamosi pekee nilihesabu mia na kidogo, kisha nikaacha kuhesabu. Lakini Jumapili jioni mume wangu aliapa kwamba jambo hili halitarudiwa nyumbani kwake, na hoja ya kumpinga sina.

Mama mkwe alikuwa amejipumzisha chumbani, akashtuka kumwona mzee asiyemjua amesimama mlangoni akiuliza kama na humo kuna picha. Mtoto wa mgeni alivuta mtungi kutoka rafu ya chini ukapasuka. Mama yake akaomba radhi, nami sikujua kama nimdai au ninyamaze. Mgeni mwingine mwenye begi mgongoni aligeuka ghafla akapangusa robo ya mchoro ambao haujakauka. Nguo yake nayo ikaharibika, tukajikuta sisi ndio tunaomba msamaha. Kijana mmoja alipiga picha kila kazi, moja baada ya nyingine, akaondoka bila kusema neno.

Sifa tulizipata tele. Mauzo hayakufika kumi na tano kwa siku mbili, na mengi yalikuwa vikombe. Mume wangu aliuza mchoro mmoja mkubwa, na huo alimpunguzia mnunuzi karibu theluthi ya bei. Wiki iliyofuata mwenye galeri ya mjini inayouza kazi zake akapiga simu kwa hasira: mteja wake amesikia bei ya nyumbani.

Halafu kuna barabara. Wengi walipotea. Nyumba ya mchongaji wa kwanza, iliyo karibu na barabara kuu, ilifurika tangu asubuhi. Sisi wa mwisho tulianza kupata watu saa tisa, wamechoka na fedha wameshazitumia. Magari yalimzibia jirani njia, na hadi leo salamu zake ni za shingo upande.

Bado natamani turudie. Nilimwona mtu akishika bakuli langu kwa mikono miwili, akalizungusha, akatabasamu. Galeri hainionyeshi hayo. Tufanyeje?

Mfinyanzi wa Nyumba ya Mwisho

*

Marahaba, Mfinyanzi.

Karibu yote uliyoyaeleza yana chanzo kimoja: mlifungua nyumba kabla ya kuamua mguu wa mgeni uanzie wapi, upite wapi na utokee wapi. Yule mzee hakukosa adabu. Aliambiwa nyumba iko wazi, akaona mlango, akaingia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni karatasi na penseli, tena kabla ya kupanga tarehe.

Chora kiwanja chenu kama anavyokiona ndege, kisha uchore mstari mmoja wa kupita wageni: getini, uani, bandani, chumba cha mbele, halafu nje. Mstari huo usipite ndani ya sehemu mnayoishi hata kwa hatua tatu. Ikiwa chumba cha mbele kinaingiliwa kupitia sebuleni, basi chumba hicho si cha kufunguliwa. Picha zihamie barazani au kwenye ukuta wa nje wenye paa, mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja. Kila mlango ulio nje ya mstari ufungwe kwa ufunguo, na ufunguo ukae mfukoni mwa mtu. Pazia halizuii mtu, na kibao cha "Usiingie" kwenye mlango ulioegeshwa huamsha udadisi tu. Dawa, simu za ziada, hati na fedha za nyumbani ziingie kwenye chumba kilichofungwa tangu usiku uliotangulia, maana asubuhi hamtakumbuka.

Wachongaji wenzenu wana nafuu hapa, kazi zao zinavumilia kukaa nje. Kijiji cha wachongaji wa mawe cha Tengenenge, kaskazini mwa Zimbabwe, kilichoanzishwa na Tom Blomefield mwaka 1966 kwenye shamba lake la tumbaku, kinajulikana kwa kazi zinazosimama uwanjani chini ya miti. Mgeni anaweza kuzunguka muda mrefu bila kuhitaji kuingia chumbani kwa mtu. Nanyi hamisheni uwanjani kila kinachoweza kuhamia huko.

Mstari ukishachorwa, upime kwa miguu. Mpe mtu begi kubwa mgongoni na mwambie apite, ageuke, asimame kutazama, arudi. Kila alipogusa kitu ni mahali patakapoharibika. Upana wa njia usipungue sentimita 90, na pale watu wawili wanapopishana upate 120. Kiti cha magurudumu nacho kitapita kwenye upana huo iwapo hakuna kizingiti.

Sasa idadi. Chumba cha mita nne kwa tano ni mita za mraba 20. Toa easeli (kiunzi cha kusimamishia picha inayochorwa), meza ya rangi, kabati na nafasi ya mume wako kusimama, zitabaki kama 12. Kila mgeni anayetazama picha anahitaji karibu mita mbili za mraba, kwa hiyo chumba kinabeba wageni sita kwa wakati mmoja. Siyo kumi. Njia rahisi ya kulilinda hilo ni vipande sita vya mbao vyenye kamba, vitundikwe kwenye misumari nje ya mlango. Anayeingia anachukua kimoja, anayetoka anakirudisha. Misumari ikiwa mitupu, watu wanasubiri bandani kwako. Hapahitajiki mtu wa kusema "subirini", na anayesubiri anatazama vyungu. Wageni sita wakikaa robo saa robo saa, chumba kinapitisha 24 kwa saa, yaani zaidi ya 160 kwa siku nzima ya saa saba. Tatizo lenu lilikuwa msongamano wa saa moja moja, wala si wingi wa siku.

Mabegi yote yabaki mlangoni, kwenye benchi au vigingi vyenye namba. Hili lisemwe na mtu, kwa upole, mapema. Mgeni akishaingia na begi, kumwambia alivue ni kumwaibisha.

Kuhusu mchoro uliopanguswa: rangi ya mafuta iliyopakwa nyembamba huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili hivi kutoshika kidole, na iliyopakwa nene inaweza kukaa miezi. Siku ya wageni, kila picha mbichi iondoke ukutani. Ihifadhiwe chumba kingine, au itundikwe juu kabisa, ukingo wake wa chini ukiwa zaidi ya mita mbili kutoka sakafuni. Kama mume wako anataka kuonyesha kazi inayoendelea, iwe moja tu, kwenye easeli, nyuma ya meza ambayo mkono wa mgeni hauvuki. Ikitokea tena picha ikapanguswa, msiifute kwa kitambaa wala kuirekebisha mbele ya watu. Iacheni ikauke, kisha kipande kilichochafuka kikwanguliwe na kupakwa upya. Kusugua rangi mbichi kunaisukuma hadi kwenye sehemu nzima.

Picha za kutundikwa zipunguzwe. Kwenye chumba hicho kumi na mbili zinatosha, na zilizobaki zisimame kabatini zikiwa zimegeuzwa, tayari kuletwa kwa mtu aliyeuliza. Zikipangwa arobaini ukutani na nyingine zikaegemezwa chini, mgeni hutazama zote kwa dakika nne na hakumbuki hata moja. Katikati ya kila picha iwe sentimita 150 kutoka sakafuni. Mafundi wengi hukosea kwa kupigilia msumari kwenye 150, wakati msumari huwa juu ya katikati. Hesabu ni hii: chukua nusu ya urefu wa fremu, jumlisha 150, kisha toa umbali kati ya ukingo wa juu wa fremu na waya uliovutwa kwa kidole. Fremu ya sentimita 60 ambayo waya wake unafika sentimita 8 chini ya ukingo itatundikwa kwenye msumari wa 172. Misumari miwili kwa kila picha, mmoja kila upande, huizuia isipinde kila mlango unapobamizwa.

Mtungi uliopasuka usimdai mtu. Mtungi wa kuuzwa ukikaa kwenye rafu ya chini, mtoto wa miaka mitatu ataufikia tu, na mpangaji wa rafu ni wewe. Chini ya kimo cha nyonga weka vitu vizito vyenye kitako kipana, au usiweke kitu. Vyungu virefu vyenye shingo nyembamba virudishwe ndani, sentimita 10 au zaidi kutoka ukingo wa rafu, na kila kimoja kitiwe vikombe viwili vya mchanga mkavu tumboni ili kisiyumbe. Meza isizidi kina cha sentimita 60, maana mtu akinyoosha mkono kufikia kilicho nyuma, kiwiko hupiga kilicho mbele.

Kisha tengeneza meza moja ya kushika. Iweke karibu na mlango wa banda, ikiwa na vyungu vyenye kasoro ndogo na kibao: "Shika. Hivi ni vya kushikwa." Watu wana hamu ya kugusa udongo, wewe mwenyewe umeiona kwa yule mwenye bakuli. Ukiwapa mahali pa kuishusha hamu hiyo, mikono yao hutulia kwenye rafu nyingine. Vikipasuka viwili kwa siku, hiyo ni gharama ya kazi kama ilivyo udongo.

Nikae kidogo kwenye hatari, kwa sababu barua yako haikuigusa hata kwa neno na mimi ndiyo iliyonitia wasiwasi. Vitambaa alivyofutia mume wako brashi zenye mafuta ya kitani vinaweza kujiwasha moto vyenyewe. Mafuta hayo hukauka kwa kushika oksijeni ya hewani, na kitendo hicho hutoa joto. Kitambaa kilichotandazwa hulipoteza joto hilo; kilichokunjwa na kutupwa kwenye ndoo pamoja na vingine hulihifadhi hadi kiungue. Watu wengi husafisha karakana Ijumaa usiku na kurundika vitambaa hivyo pembeni ili chumba kipendeze, na hapo ndipo hatari inapoanza. Vitandazwe nje kimoja kimoja hadi vikakamae, au vitiwe kwenye kopo la bati lenye maji na kifuniko. Tapentaini nayo ifungwe na iondoke chumbani kabisa. Mvuke wake kwenye chumba chenye watu sita huumiza vichwa kabla ya saa sita mchana.

Upande wako, tanuri lichome Alhamisi mapema. Uchomaji huchukua muda wa saa nane hadi kumi na mbili, kupoa huchukua muda kama huo au zaidi, na mlango haufunguliwi joto likiwa juu ya nyuzi 100 za Selsiasi, la sivyo vyungu hupata nyufa. Ifikapo Jumamosi liwe baridi na swichi yake kuu imezimwa. Sakafu ya banda usiifagie ikiwa kavu. Vumbi la udongo lina silika, na ikivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu. Piga deki kwa maji siku moja kabla, na tena jioni. Ndoo za glezi, ule uji unaovipa vyungu ngozi ya kioo vikichomwa, zifunikwe na zipandishwe juu.

Wa batiki asiache sufuria ya nta jikoni bila mtu, na ajue kwamba nta ikishika moto haimwagiwi maji: inafunikwa kwa kifuniko na moto wa chini unazimwa. Wachongaji wafungie patasi zote isipokuwa zile wanazotumia. Grainda, kama lazima ionyeshwe, ifanye kazi mita tano kutoka kwa watu na cheche zielekee ukutani. Kila nyumba iwe na mtungi wa kuzimia moto na sanduku la huduma ya kwanza mahali ambapo wote mnapajua.

Kabla ya tarehe, ulizeni bima. Bima ya nyumba kwa kawaida inamhesabu mgeni wa kifamilia, siyo mtu aliyekuja kwa tangazo. Bima ya dhima kwa umma, yaani ya kulipia madhara yanayompata mgeni, inaweza kukatwa ya pamoja kwa nyumba zote sita kwa siku mbili tu. Mkiikosa, ni bora kufungua viwanja na mabanda peke yake.

Sasa mauzo. Umesema sifa zilikuwa nyingi, ila hukusema kama kazi zilikuwa na bei, na nakisia hazikuwa nazo. Mgeni akiwa nyumbani kwa mtu huona haya kuuliza bei, hasa mwenye nyumba akiwa amesimama pale. Haulizi kwa kuogopa kwamba jibu litakuwa kubwa na yeye atalazimika kurudi nyuma mbele ya msanii, kwa hiyo husifu na kuondoka. Bandika bei kwenye kila kitu bila kuruka hata kimoja, pamoja na jina la kazi, vipimo na malighafi. Kikiuzwa, stika nyekundu. Stika tatu za asubuhi huwatia moyo wanunuzi wa mchana.

Panga bei kwa ngazi. Kikombe ni ngazi ya chini kwako. Mume wako hana ngazi ya chini kabisa, ana picha kubwa tu, na ndiyo sababu wageni wake walikwenda kununua vikombe kwako. Michoro ya penseli, vichoro vya majaribio vya ukubwa wa kiganja, chapa (nakala za picha zilizochapishwa) na kadi vingempa ngazi hiyo. Kwa picha zenyewe njia ya haki ni kujumlisha upana na urefu kwa sentimita, kisha kuzidisha kwa kiwango kimoja. Picha ya 40 kwa 50 ina vipimo 90, ya 80 kwa 100 ina 180, hivyo ya pili inauzwa mara mbili ya ya kwanza. Ukitumia eneo badala ya jumla, ya pili inakuwa mara nne na haiuziki. Mnunuzi akiuliza kwa nini hii imezidi ile, kuna jibu.

Bei ikishaandikwa, isishuke. Theluthi aliyoipunguza mume wako iliwagharimu kuliko alichopokea. Galeri nyingi huchukua kamisheni ya asilimia 40 hadi 50, na msanii hudhani akiuza nyumbani anaweza kuitoa kamisheni hiyo kwenye bei. Lakini mteja aliyenunua galeri kwa bei kamili akisikia ya nyumbani, anajiona amepunjwa, na hatarudi kwa galeri wala kwenu. Mume wako aende mwenyewe kwa mwenye galeri, asitumie simu. Akubali kosa, aahidi bei moja mahali pote, na wasome pamoja mkataba wao unasemaje kuhusu mauzo ya karakanani. Mikataba mingine inaidai kamisheni hata huko, hasa kwa mteja aliyeletwa na galeri. Kinachoweza kuuzwa nafuu nyumbani ni kile ambacho galeri haikiuzi: vichoro vya majaribio, chapa ndogo, vyungu vyenye kasoro vilivyoandikwa hivyo waziwazi. Anayesisitiza kupunguziwa apewe kanuni iliyobandikwa ukutani, kwa mfano asilimia 10 kwa anayechukua vitu vitatu. Kanuni ya ukutani haina upendeleo, nanyi mnaepuka mabishano ya mtu na mtu.

Kuna jambo jingine linalouza kuliko maneno, nalo wewe unalo tayari. Panga kikombe kimoja katika hatua zake tano, kando kwa kando: donge la gramu 400, kilichotoka kwenye gurudumu, kilichokauka, kilichochomwa mara ya kwanza kwenye nyuzi 1,000 hivi, na kilichopakwa glezi na kuchomwa tena. Mgeni ataona mwenyewe kwamba cha mwisho ni kidogo kuliko cha pili, kwa kuwa udongo husinyaa takriban sehemu moja ya kumi. Andika chini ya kila hatua siku zilizopita. Mtu akijua kikombe kimekula wiki tatu, bei inaeleweka bila kutetewa. Kazi ya gurudumu ionyeshe mara moja kwa saa, dakika 15, saa zake zikiwa zimeandikwa getini. Usizungushe mfululizo: utachoka, na mtu aliyekuja na swali la kununua hatakukatiza mikono ikiwa na udongo.

Mwenye kuuza asiwe msanii yuleyule anayeonyesha. Tafuteni ndugu au rafiki wa kukaa kwenye meza moja karibu na njia ya kutokea, akiwa na orodha ya bei, daftari la risiti zenye nakala, chenji, na njia ya malipo ya simu au kadi iliyojaribiwa siku moja kabla. Mtandao wa kijijini una tabia yake. Anayetaka kazi kubwa lakini hana fedha zote alipe nusu, jina lake liandikwe, na siku ya mwisho ya kuichukua iandikwe pia.

Vifungashio viwe tayari. Picha ya mafuta haigusani na plastiki ya viputo, maana viputo huacha alama za duara kwenye rangi. Tanguliza karatasi laini ya kung'aa, linda kona kwa vipande vya katoni, kisha plastiki. Chungu kinahitaji sentimita tano za karatasi iliyofinyangwa pande zote ndani ya katoni. Watu huacha kununua vyungu kwa sababu wanafikiria barabara ya kurudi.

Kijana mwenye kamera huenda alikuwa shabiki, huenda alikuwa mwigaji, hamwezi kujua. Semeni getini: kupiga picha kwa ujumla ruksa, picha ya kazi moja moja ombeni kwanza, watu wa nyumbani na watoto hapana. Anayenunua mchoro hupata kitu chenyewe; haki ya kuunakili hubaki kwa msanii isipokuwa kuna maandishi ya kuihamisha, na Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda kazi bila kusajiliwa katika nchi zote wanachama. Hata hivyo msiweke matumaini yote kwenye sheria. Kazi ambayo haijatoka hadharani igeuzwe ukutani.

Barabara ni suala la hesabu. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kila sekunde. Herufi ya urefu wa sentimita 10 husomeka vizuri kutoka mita 30 hivi, kwa hiyo dereva ana chini ya sekunde tatu za kusoma, kuelewa na kupunguza mwendo. Kibao chenye majina sita ya wasanii hakisomeki kwa sekunde tatu. Andikeni neno moja, SANAA, na mshale mnene, rangi ileile mahali pote. Kila njia panda iwe na vibao vitatu: kimoja mita 50 kabla, kimoja kwenye kona yenyewe, na kimoja baada ya kukata kona ili dereva ajue hakupotea. Hicho cha tatu ndicho kinachosahaulika, na watu hugeuza gari wakiwa wamebakiza nyumba mbili. Kwenye ramani ya simu alama iwekwe getini, si katikati ya kiwanja, la sivyo simu inaweza kumpeleka mtu kwenye ua wa nyuma. Kisha mwombeni mtu asiyewahi kufika kijijini aje kwa vibao tu, bila kupiga simu.

Nyumba ya kwanza kufurika na ya mwisho kukauka hakutokani na ubora wa kazi. Kila ramani yenye namba moja hadi sita huwaanzisha wote kwenye moja. Chapisheni ramani za aina mbili kwa rangi mbili: ya kwanza inaanzia kwa mchongaji, ya pili inaanzia kwenu na kurudi nyuma, na zigawiwe kwa zamu mahali pa kuegesha magari. Hapo hapo pa kuegesha wekeni kibanda chenye kazi moja ya kila msanii pamoja na bei yake. Mtu aliyependa bakuli lako pale atakuja kwako kabla fedha hazijaisha. Na wote sita muwe wazi saa zilezile. Mmoja akifunga saa nane bila taarifa, wageni waliomkosa huacha kuiamini ramani nzima.

Jirani yako alikuwa na haki. Kwa wageni 100 wanaokuja wawili au watatu kwa gari, ni magari kama 40 kwa siku. Kila moja likikaa saa moja na nusu ndani ya saa saba, yanakuwapo tisa kwa wakati mmoja, na saa ya kilele mara mbili yake. Gari na nafasi ya kugeuzia linahitaji mita za mraba 25, kwa hiyo tafuteni uwanja wa mita za mraba 450 ulio mkavu, mwingilioni mwa kijiji, watu watembee kutoka hapo. Mwendee jirani wiki mbili kabla, si siku mbili, na kijana mmoja asimame kwenye njia yake siku nzima.

Choo kimoja chenye kufuli la ndani, nje ya sehemu mnayoishi, kinatosha kwa nyumba mbili zilizo jirani. Kama ni cha kuvuta, mwekeeni akiba ya lita 300 za maji mbali na yale ya kunawa. Kielekezwe kwa mshale, maana anayetafuta choo hufungua kila mlango. Huenda hata yule mzee alianzia hapo.

Na mume wako. Usimlazimishe kufungua chumba chake. Safari hii fungueni banda na baraza, picha zake kumi zilizokauka zitundikwe barazani kwa bei zilizobandikwa, yeye ashinde saa mbili tu za mchana akijibu maswali, kisha aondoke zake. Jioni hesabuni pamoja: wangapi walipita, nini kiliuzwa saa ngapi, kipi kilishikwa sana lakini hakikununuliwa. Akitaka kufungua chumba mwaka unaofuata atasema mwenyewe. Ila kabla ya hayo yote, nendeni wote wawili kwa mama mkwe, mumwonyeshe ule mstari kwenye karatasi na mlango wake ulipo, mumuulize kama siku hizo mbili angependa kuwa nyumbani au kwa ndugu. Tarehe ipangwe baada ya jibu lake.